Kori ya 2 ya Jeshi la Vietnam (Hương Giang): maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kori ni nini hasa, na inatofautianaje na divisheni?

Wavietinamu huiita *quân đoàn*. Ni kundi la divisheni kadhaa za askari wa miguu zilizowekwa chini ya kamanda mmoja, pamoja na brigedi za vifaru, mizinga, wahandisi wa vita na vikosi vya kutungulia ndege ambavyo ni mali ya kundi hilo lenyewe. Kiswahili cha jeshi letu kina kombania, batalioni, brigedi na divisheni, lakini ngazi hii ya juu haijawahi kuhitajika sana kwetu, kwa hiyo hapa tunatumia "kori".

Tofauti kubwa haiko kwenye idadi ya watu. Divisheni ikifika kwenye mto mpana inalazimika kuomba daraja la kuelea kutoka juu. Ikikuta ngome yenye mahandaki ya zege inaomba mizinga mizito. Kila ombi linakula saa, pengine siku nzima, na adui hasubiri. Kamanda wa kori ana daraja, ana mizinga, ana vifaru, na anaamrisha vyote kwa simu moja.

Ngazi za chini ya kori zimepangwaje?

Kwa tatu-tatu. Sekisheni tatu hufanya platuni, platuni tatu kombania, kombania tatu batalioni, batalioni tatu rejimenti, na rejimenti tatu za askari wa miguu hufanya divisheni. Juu ya hizo tatu, kila ngazi huongezewa silaha zake nzito: batalioni ina makombora ya mota, rejimenti ina silaha za kuvunja vifaru na za kutungulia ndege, divisheni ina rejimenti ya mizinga.

Angalia jambo moja linalowachanganya wengi. Askari wa miguu wa Vietnam hupangwa kwa rejimenti, lakini vifaru, mizinga na wahandisi wa kori hupangwa kwa brigedi. Brigedi hapo si sehemu ya divisheni. Inaripoti kwa kamanda wa kori moja kwa moja, na ndiye anayeigawa: batalioni hii ya vifaru iende na divisheni ile, kombania hii ya madaraja ibaki nyuma hadi usiku.

Kwa nini Vietnam haikuwa na kori hadi 1973?

Kwa sababu vita vyenyewe havikuzihitaji, na barabara zisingezibeba. Nchi ilikuwa imegawanyika: serikali ya Hanoi kaskazini, na ya Saigon kusini ikisaidiwa na Marekani. Kwa miaka mingi divisheni za Kaskazini zilipigana kila moja peke yake, chini ya mikoa ya vita. Zilishuka kwa miguu kupitia milima ya Trường Sơn, zikibeba chakula mgongoni.

Mashambulizi ya 1972, huko Quảng Trị, Kontum na An Lộc, yalionyesha udhaifu wa mpango huo. Vifaru viliingia mjini bila askari wa miguu kando yake na kuchomwa kimoja kimoja. Mizinga ilikuwapo lakini haikupiga kwa wakati. Baada ya Mkataba wa Paris wa 27 Januari 1973 ndege za Marekani ziliacha kushambulia Vietnam, barabara za Trường Sơn zikapanuliwa kubeba malori, bomba la mafuta likasogezwa kusini, na jeshi likapata nafasi ya kujipanga upya. Kori nne zikazaliwa ndani ya miezi 17:

- Kori ya 1, *Quyết Thắng* (Nia ya Kushinda), 24 Oktoba 1973, mkoani Ninh Bình.
- Kori ya 2, *Hương Giang* (Mto wa Manukato, unaopita katikati ya Huế), 17 Mei 1974, katika eneo la Trị-Thiên.
- Kori ya 4, *Cửu Long* (Majoka Tisa, yaani mto Mekong), 20 Julai 1974, mashariki mwa Nam Bộ (eneo la kusini kabisa mwa nchi).
- Kori ya 3, *Tây Nguyên* (Nyanda za Juu za Magharibi), 26 Machi 1975.

Ndiyo, ya 4 ilizaliwa kabla ya ya 3. Kori ya 3 iliundwa katikati ya vita, wiki mbili hivi baada ya kutekwa kwa mji wa Buôn Ma Thuột, kutokana na divisheni zilizokuwa tayari uwanjani.

Kori ya 2 ilianza na vikosi gani?

Divisheni tatu za askari wa miguu: ya 304, ya 324 na ya 325. Pamoja nazo Divisheni ya 673 ya kutungulia ndege, Brigedi ya 203 ya vifaru, Brigedi ya 164 ya mizinga, Brigedi ya 219 ya wahandisi, na kikosi cha mawasiliano.

Hawa hawakuwa vijana wapya waliokusanywa jana. Divisheni ya 304 iliundwa 1950. Rejimenti yake ya 57 ilikuwa Điện Biên Phủ, Wafaransa waliposhindwa huko mwaka 1954, na ya 66 ilipigana na Wamarekani bondeni Ia Drang mwezi Novemba 1965. Ya 325 ilikuwa katika mapigano ya ngome ya Quảng Trị mwaka 1972. Kilichokuwa kipya ni kuzifundisha zifanye kazi pamoja.

Kamanda wa kwanza alikuwa nani?

Meja Jenerali Hoàng Văn Thái, kamisaa wake wa siasa (mkuu wa kazi ya chama kikosini) akiwa Lê Linh. Hapa waandishi wengi hukosea. Kuna majenerali wawili wenye jina hilo hilo, na yule maarufu zaidi, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa majeshi na baadaye naibu, si huyu. Ukikuta maandishi yanasema mkuu wa majeshi wa zamani alishuka cheo kuongoza kori, ujue mwandishi amewachanganya.

Aliyeiongoza kori hii katika majira ya 1975 ni Nguyễn Hữu An, ofisa aliyekuwa amiri wa mapigano ya Ia Drang upande wa Kaskazini.

Kazi ya kwanza ya kori ilikuwa ipi, na ilifundisha nini?

Thượng Đức, kituo cha wilaya kilichozungukwa na milima magharibi ya Da Nang. Ni vita vidogo ukivilinganisha na vya 1975, lakini ndipo kori ilipojifunza kazi, na sisi tunaona panastahili kuangaliwa kuliko sherehe zote za ushindi.

Rejimenti ya 66 ilishambulia 29 Julai 1974 ikashindwa. Mizinga ilipiga kutoka mbali, makombora yakianguka kwa kupinda juu ya mahandaki yaliyochimbwa vizuri. Udongo uliruka, waya wa miiba ulikatika sehemu sehemu, lakini vyumba vya bunduki za rashasha vilibaki vizima. Askari wa miguu walipoinuka kukimbilia mianya kwenye waya, rashasha zile zile zikawaamkia.

Dawa ilikuwa kubadilisha namna ya kupiga, si kuongeza idadi ya makombora. Mizinga ya milimita 85 iliburutwa kwa mikono hadi kwenye vilima vya karibu, mahali ambapo mpigaji anaona tundu la handaki kwa macho yake, kisha ikafyatuliwa moja kwa moja, handaki moja baada ya jingine. Kituo kilianguka 7 Agosti 1974. Mapigano ya kugombea Kilima 1062 yaliendelea miezi kadhaa baadaye na kugharimu roho nyingi pande zote mbili.

Funzo ambalo makao makuu ya Hanoi yalilichukua lilikuwa zito: kikosi kikuu cha Kaskazini kinaweza kukabiliana uso kwa uso na askari bora wa Saigon, wakiwamo wa miavuli, na ndege za Marekani hazikurudi.

Huế na Da Nang zilianguka vipi haraka hivyo?

Kwa sababu ya barabara moja. Barabara Kuu Na. 1 ndiyo iliyounganisha Huế na Da Nang, ikibanwa kati ya milima na bahari. Divisheni ya 325 iliishika milima inayoitazama barabara hiyo na kuikata 22 Machi 1975. Kuanzia hapo jeshi la Saigon lililokuwa Huế lilibakiwa na njia za bahari tu, milango ya Thuận An na Tư Hiền, nayo ikawekwa chini ya mizinga. Huế ilitekwa 26 Machi. Siku tatu baadaye, 29 Machi, kori iliingia Da Nang kutoka pande mbili: kupitia Mlima Hải Vân kaskazini, na kupitia Thượng Đức magharibi. Barabara iliyopiganiwa mwaka uliotangulia ndiyo Divisheni ya 304 iliyoipita.

"Msafara wa Pwani" ulikuwa nini?

Baada ya Da Nang kulikuwa na swali: kori ipumzike, au ifuate pwani hadi Saigon? Lê Trọng Tấn alikabidhiwa uongozi, Lê Quang Hòa akiwa kamisaa, na msafara ukaanza kuondoka 7 Aprili 1975. Siku hiyo hiyo Võ Nguyên Giáp, waziri wa ulinzi, alipeleka simu ya maandishi iliyosomewa askari wote njiani, ikiwataka waende kasi, kasi zaidi, na kwa ujasiri, ujasiri zaidi, wakitumia kila saa na kila dakika.

Divisheni ya 324 iliachwa kulinda Huế na Da Nang. Ya 325 na ya 304, pamoja na vifaru, mizinga na wahandisi, zilishuka takriban kilomita 900 zikiwa na magari zaidi ya 2,000. Matatizo yalikuwa haya, kwa mpangilio wa uzito wake:

Madaraja. Jeshi lililorudi nyuma liliyalipua. Ndiyo maana Brigedi ya 219 ilitangulia karibu na kichwa cha msafara badala ya kufuata mkia. Mhandisi akiwa nyuma ya magari elfu mbili kwenye barabara nyembamba, hafiki.

Magari yenyewe. Hayakutosha. Kori ilichukua malori, magari ya deraya na hata vifaru vya Kimarekani vilivyoachwa Da Nang na kuvitia kazini. Faida yake ni mwendo. Hasara yake ni kwamba vipuri na risasi za Kimarekani havifanani na vya Kisovieti, kwa hiyo gari likiharibika lilisukumwa kando na kuachwa.

Uchakavu wa minyororo ya vifaru. T-54 ina uzito wa tani 36 hivi, na haikuundwa kusafiri mamia ya kilomita juu ya lami bila kupumzika. Mafundi walilazimika kukaza minyororo na kubadilisha pini kila kituo.

Adui njiani. Kizuizi kikubwa kilikuwa Phan Rang, penye uwanja wa ndege za kivita wa Thành Sơn. Kori, ikisaidiwa na Divisheni ya 3 ya Mkoa wa Kijeshi wa 5, iliuvunja 16 Aprili, na majenerali Nguyễn Vĩnh Nghi na Phạm Ngọc Sang wakatekwa.

Katika shambulio la Saigon kori hii ilipangiwa nini?

Mabawa matano yaliuzunguka mji: Kori ya 1 kutoka kaskazini, ya 3 kaskazini-magharibi, ya 4 mashariki, ya 2 mashariki na kusini-mashariki, na Kundi la 232 (kikosi cha ngazi ya kori) kutoka magharibi na kusini-magharibi. Malengo ndani ya mji yalikuwa matano pia: Ikulu ya Uhuru, makao ya Mkuu wa Majeshi, makao ya Eneo Maalumu la Mji Mkuu, makao ya Polisi na uwanja wa ndege wa Tân Sơn Nhất.

Kori ya 2 ilianza 26 Aprili, ikipigania Nước Trong, Long Thành na Nhơn Trạch. Nhơn Trạch ina siri yake: mzinga wa milimita 130 hupiga kilomita 27 hivi, na kutoka hapo Tân Sơn Nhất inafikika. Mizinga ya Brigedi ya 164 ilipofika na kuanza kupiga 29 Aprili, njia za ndege zikawa hazitumiki.

Wakati huo huo kikosi cha kupenya kiliundwa: vifaru vya Brigedi ya 203, na Rejimenti ya 66 ya Divisheni ya 304 ikipanda malori na migongo ya vifaru. Amri ilikuwa kutosimama kupigana na kila kituo. Kipite, wanaofuata watasafisha. Asubuhi ya 30 Aprili kilikwama kwenye Daraja la Saigon, ambako Ngô Văn Nhỡ, kamanda wa Batalioni ya 1 ya vifaru, aliuawa.

Ni kifaru gani kilichovunja lango la Ikulu, 843 au 390?

390. Swali hili limezua mabishano kwa miaka 20, na jibu lake ni la hakika.

Vifaru viwili vya Kombania ya 4 vilifika langoni kwa kufuatana. 843, aina ya T-54B ya Kisovieti, kikiongozwa na Bùi Quang Thận, kiligonga lango dogo la pembeni na kukwama. 390, aina ya 59 ya Kichina, chini ya Vũ Đăng Toàn, kikapita kwa nguvu na kuliangusha lango kuu. Ndani yake walikuwamo Lê Văn Phượng, Ngô Sỹ Nguyên na dereva Nguyễn Văn Tập. Thận alishuka, akachukua bendera ya kifaru chake, akakimbia kwa miguu hadi darini na kuipandisha saa 5:30 asubuhi.

Kwa kuwa bendera ilikuwa ya 843, watu walidhani na lango ni lake. Picha za Mfaransa Françoise Demulder, aliyekuwa ndani ya uwanja siku hiyo, zilipofika Vietnam mwaka 1995 zilionyesha wazi namba 390 ikipita juu ya lango kuu. Mwaka 2012 vifaru vyote viwili vilitangazwa hazina ya taifa.

Ukizuru Ho Chi Minh City (Saigon ya zamani), vile viwili vilivyoko bustanini mwa Ikulu ni vya aina ile ile vilivyopakwa namba hizo. Vyenyewe viko Hanoi: 843 kwenye Jumba la Makumbusho ya Historia ya Kijeshi, na 390 kwenye makumbusho ya jeshi la vifaru.

Baada ya 1975 kori ilifanya nini?

Mwishoni mwa 1978 na Januari 1979 ilipelekwa Kambodia kupigana na Khmer Rouge waliokuwa wakiitawala nchi hiyo, upande wa kusini-magharibi kuelekea pwani. China ilipovamia mpaka wa kaskazini 17 Februari 1979, kori iliitwa irudi kutoka pembe moja ya Indochina hadi nyingine. Ikaweka makao Bắc Giang, kwenye njia kuu ya kutoka mpaka wa Lạng Sơn kwenda Hanoi, na hapo ndipo ilipobaki kwa zaidi ya miaka 40.

Kwa nini kuna kamanda na kamisaa, wawili kwa pamoja?

Kamanda huamua mambo ya vita, na kamisaa wa siasa (*chính ủy*) ndiye mkuu wa kazi ya chama katika kikosi: maadili, malezi, nidhamu, na familia za askari. Watanzania waliokuwapo enzi za makamisaa wa siasa jeshini wataitambua sura hii. Vietnam iliufuta mfumo huu mwaka 1982 ikabaki na kamanda mmoja tu, kisha ikaurudisha kwa azimio la chama la 2005. Kwa hiyo ukisoma orodha ya viongozi wa kori ya miaka ya 1990 usishangae kukosa neno "kamisaa". Palikuwa na naibu kamanda wa siasa.

Nyota moja begani ni brigedia?

Hapana. Vietnam haina cheo cha brigedia jenerali. Juu ya kanali mkuu (*đại tá*, nyota nne na mistari miwili) kinafuata *thiếu tướng*, chenye nyota moja, na tafsiri yake sahihi ni Meja Jenerali. Hicho ndicho cheo cha kawaida cha kamanda wa kori.

Mbona ninaona "Kori ya 2" ikipigana upande wa Saigon?

Kwa sababu jeshi la Kusini nalo lilikuwa na *quân đoàn* nne, zikiandikwa kwa namba za Kirumi: I, II, III na IV. Hizo zilikuwa za maeneo. Kila moja ilimiliki kipande cha nchi, makao yakiwa Da Nang, Pleiku, Biên Hòa na Cần Thơ. Zilikaa mahali pake. Kori za Kaskazini zilikuwa za kutembea, hazikumiliki mkoa wowote. Kabla ya kunukuu, tazama namba: II ni ya Saigon, ya jenerali Phạm Văn Phú aliyeondoka Pleiku Machi 1975, 2 ni Hương Giang.

Kori ya 2 bado ipo?

Haipo kwa jina hilo. Katika mpango wa kulifanya jeshi kuwa dogo na lenye nguvu zaidi, kori ya 1 na ya 2 ziliunganishwa kuwa Kori ya 12, iliyotangazwa Desemba 2023 na kuwekwa Tam Điệp, Ninh Bình. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2024, ya 3 na ya 4 zikawa Kori ya 34, makao yake Gia Lai. Namba zimetungwa kwa makusudi: 1 na 2, 3 na 4. Divisheni ya 325 inaendelea ndani ya Kori ya 12.

Jihadhari na kosa moja tu hapa. *Quân đoàn 12* ni kikosi cha kivita. *Binh đoàn 12* ni jina la shirika la ujenzi la jeshi, Trường Sơn, linalotokana na Kundi la 559 lililofungua njia ya Trường Sơn mwaka 1959. *Binh đoàn 15* nalo hulima mpira na kahawa katika Nyanda za Juu. Neno *binh đoàn* hutumika pia kama jina la heshima la kori za kivita, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Likifuatwa na jina, kama Hương Giang, mara nyingi ni kori. Likifuatwa na namba, mara nyingi ni uchumi.

Halotel na Lumitel ni za kori hizi?

Hapana. Mitandao hiyo ya Tanzania na Burundi ni ya Viettel, kampuni ya jeshi iliyo chini ya Wizara ya Ulinzi ya Vietnam moja kwa moja. Haimo katika kori yoyote.

Kijana wa Kivietinamu anaingiaje kwenye kori?

Kwa sheria ya 2015, mwanamume wa miaka 18 hadi 25, au hadi 27 kama masomo ya chuo yaliahirisha zamu yake, anaweza kuitwa kwa miezi 24. Walioitwa huondoka mara moja kwa mwaka, mwezi wa Februari au Machi baada ya sikukuu ya Tết (mwaka mpya wa Kivietinamu). Miezi mitatu ya kwanza ni mafunzo ya askari mpya: kwata, kulenga shabaha, kurusha guruneti na kutumia baruti. Wanaofanya vizuri hupelekwa kwenye vikosi vyenye ufundi, kama kuendesha kifaru, ambavyo mafunzo yake huchukua muda zaidi kabla mtu hajaruhusiwa kushika usukani peke yake.